Mwanafunzi wangu alichekwa kwa kosa langu, sasa darasa zima limegoma kuongea Kiingereza

Ticha wa Charambe ameandika:

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni. Naomba mawazo yenu, hasa walimu, maana leo ni siku ya tatu hili jambo linaninyima usingizi.

Nimemaliza chuo, shahada ya ualimu, ajira bado, kama tulivyo wengi. Tangu watoto wa darasa la saba wamalize mtihani wao Septemba nafundisha twisheni huku Mbagala Charambe, ile ya wanaosubiri kuingia kidato cha kwanza Januari. Nje kuna bango PRE FORM ONE kwa rangi nyekundu, ila chumba chenyewe zamani kilikuwa banda la kuku, na mvua ikinyesha harufu inakumbuka kwao. Watoto 31, wa miaka 13 na 14. Jero kwa siku kila mmoja, nusu ya mwenye kituo, nusu tunagawana mimi na mwenzangu wa hesabu.

Wametoka shule za kawaida za serikali. Wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kwao ni somo moja walilolianza darasa la tatu. Januari wanakuta baiolojia, fizikia, kemia, jiografia, vyote kwa Kiingereza. Kwa hiyo wazazi wanatuletea watoto kama mtu anayepeleka pikipiki kwa fundi jioni na kesho asubuhi ana safari.

Sasa tukio lenyewe. Jumatatu nilikuwa nafundisha kuelezea siku yako. Nikaandika ubaoni "What time do you wake up?" Kimya. Kuna binti anakaa benchi la pili, mwandiko wake ungeweza kuchapwa kwenye kalenda, na tangu tuanze hajawahi kunyoosha mkono. Siku hiyo akanyoosha. Akasimama, akashika pindo la sketi, akasema polepole: "I wake up at ten o'clock. I cook vitumbua."

Na mimi, kwa ile furaha ya kijinga ya kuona mtoto amefungua mdomo, nikasema, "Ten o'clock? Jua limeshapanda hivyo wewe ndiyo kwanza unaamka?" Nilidhani natania. Darasa likaangua kicheko mpaka bati likasikika. Kijana mmoja wa dirishani akambatiza Bi Usingizi. Binti akakaa, akafunika daftari, akaweka kiwiko juu yake.

Nimekuja kushtuka usiku nikiwa nafua. Saa kumi! Mtoto anaamka saa kumi alfajiri, anamsaidia mama yake kukaanga vitumbua vya kuuza stendi ya Rangi Tatu. Namba ameitafsiri sawasawa kabisa. Mimi mwenye shahada ndiye sikusikia.

Tangu siku hiyo hasemi, na ubaya ni kwamba hata wale wawili watatu waliokuwa wanajaribu wamenyamaza. Wakiitikia kwa pamoja, "Yes madam" inafika barabarani. Ukimgusa mmoja mmoja anaangalia vidole vya miguu.

Mwenye kituo ameona hali hiyo, jana akaja na dawa yake. Kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa I SPEAK SWAHILI. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unakivaa shingoni mpaka na wewe umkamate mwenzako. Anasema wazazi wanakipenda. Wazazi hao hao wanafungua madaftari jioni, wakikuta tumeongea tu bila kuandika wananipigia: "Madam, mbona daftari jeupe?"

Nimebakiwa na wiki kama saba. Nimrudisheje huyu binti bila kumwanika tena? Na hiki kibao nikikataa, nikatae kwa maneno gani?

Mwalimu wa Zamu amejibu:

Pole mwalimu mwenzangu. Mimi nipo sekondari ya kata, wilaya ya Temeke, mkondo wangu mmoja wa kidato cha kwanza una wanafunzi 86. Hao unaowaandaa ndio tunaowapokea, kwa hiyo nina maslahi binafsi kwenye swali lako.

Kwanza, mtoto wa miaka 13 si mtoto wa darasa la pili. Wa darasa la pili ukimwambia aimbe anaimba. Huyu sauti inamvunjika, chunusi zinamtoka, na aliyekaa nyuma yake ni yule anayetaka amwone ana akili. Kumsimamisha peke yake mbele ya watu 30 aongee lugha asiyoijua ni adhabu hata kama hukukusudia. Mimi siku hizi simsimamishi mtu peke yake mwezi mzima wa kwanza. Wanaongea wawili wawili, kwa kunong'ona kama wanateta, mimi napita katikati na chaki mkononi nikisikiliza. Wakishasema mara nne kwa mwenzao wa benchi, ndipo naomba benchi zima liseme. Kelele zitakuwepo. Mkuu wa shule yangu alizoea.

Pili, kuna Mmarekani mmoja mwanasaikolojia, James Asher, miaka ya 1960 alikuja na njia ya kufundisha lugha kwa kuamrisha mwili. Mwalimu anasema, mwanafunzi anatenda, hadaiwi kusema. Simama, gusa dirisha, mpe chaki aliye nyuma yako, funga mlango halafu ufungue. Hoja yake ni kwamba hata mtoto mchanga anatii maneno miezi mingi kabla hajayatamka. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi fanya hivyo, na bintiyo atashiriki bila kudaiwa neno. Baada ya siku chache mpe yeyote anayetaka kiti cha mwamrishaji. Utashangaa nani atakitaka.

Tatu ni makosa. Haya utayakuta kila siku, na ukiyatazama vizuri ni Kiswahili kimevaa suti. Sisi tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia baridi, kwa hiyo mtoto anaandika "I hear hungry". Sisi "azima" inakwenda na kurudi, ndiyo maana anakuambia "Borrow me a pen". Amelala kwetu ni sasa hivi anakoroma, yeye anaona ile "-me-" katikati ya neno anakuandikia "He has slept". Usimkatize. Akisema "Borrow me a pen", mpe peni, mwambie "Yes, I can lend you a pen", endelea na safari. Amesikia. Usipompa peni mpaka aseme sawasawa, kesho atakuja na yake na hutamsikia tena.

La mwisho, na hili ni ombi langu mimi ninayewapokea. Kabla hujawamaliza na nyakati zote kumi na mbili, wafundishe maneno ya maswali: define, mention, explain, outline, differentiate. Nimesahihisha karatasi ya mtoto aliyeujua moyo vyumba vyote vinne, ila aliulizwa tofauti ya mshipa huu na ule, yeye akatoa maana ya moyo. Sifuri. Na hayo maneno yaandike kwenye daftari, wazazi waone wino.

Mzee wa Nidhamu amejibu:

Nyie walimu wa siku hizi mna huruma za kwenye simu. Mimi nilivaa kibao hicho hicho, nikakivaa wiki nzima mpaka kamba ikanichubua shingo, na leo naandika barua za mizigo kwa Kiingereza bila kumuuliza mtu. Bila kubanwa mtoto wa Mbagala hasemi. Mwenye kituo yuko sahihi.

Chaki Mstaafu amejibu:

Marahaba mwanangu Ticha. Na wewe Mzee wa Nidhamu nakusalimu. Nimefundisha tangu 1979, nimestaafu, magoti yamekataa lakini kumbukumbu ipo.

Kibao hicho nimekiona kikiwa mbao, nikakiona kikiwa mfupa wa ng'ombe, nikakiona kikiwa kipande cha boksi. Ngoja nikwambie kilichokuwa kinatokea. Kila mtoto anayekivaa kazi yake ya siku nzima inakuwa kuwinda mwenzake, kwa hiyo mapumziko watoto wanakaa kimya kama wako msibani, au wanakimbilia nyuma ya vyoo kuongea. Hawaongei Kiingereza. Hawaongei chochote. Wewe ulijifunza barua za mizigo kwa sababu mtu alikuonyesha barua ya mizigo inavyoandikwa. Kamba ilikuachia kovu tu, baba.

Na tusiwabebeshe watoto mzigo ambao si wao. Tume ya Makweta, ile iliyoitazama elimu yetu, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zifundishwe kwa Kiswahili. Nilikuwa kijana, nikafurahi nikasema nitaiona. Haya, tuyaache hayo, Januari haisubiri.

Mwanangu, hilo la saa usilipite, lishike hapo hapo lilipokuumizia. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na huku kwetu karibu na ikweta jua halina mambo mengi, linatoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane, halafu wanaanza upya adhuhuri. Tofauti ni sita siku zote. Ila usiwaambie watoto wajumlishe na kutoa, watachanganyikiwa. Chukua mfuniko wa ndoo ya lita ishirini, andika namba za saa, toboa katikati, weka njiti mbili. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8 sisi tunasema saa mbili. Sasa 2 iko wapi? Ng'ambo ya pili ya 8, uso kwa uso. Mshale mfupi ukiwa kwenye 4, tazama ng'ambo, 10. Kichwa cha mshale kinasema Kiingereza, mkia wake ukiurefusha unasema Kiswahili. Dakika hazibadiliki. Nimefundisha hivyo miaka yote na sijawahi kuhitaji maelezo zaidi ya dakika tano.

Jambo jingine dogo la matamshi, kwa kuwa uko Mbagala na wengi wamepita madrasa. Ile sauti inayowatoa jasho watu wa bara kwenye "think" na "this", watoto wako wanayo tayari mdomoni. Think inaanza kama thelathini. This inaanza kama dhahabu. Na sing inaishia palepale ng'ombe anapoanzia. Waambie hivyo, uone wanavyokaa wima wakigundua kuna kitu cha Kiingereza walizaliwa nacho.

Na mtoto umwombe radhi. Pembeni, kwa Kiswahili. Mwalimu hapungui.

Bosi wa Kongo amejibu:

Mimi si mwalimu, fomu foo nilipata divisheni ziro na cheti sina mpaka leo. Ila nina duka la viatu Mtaa wa Kongo hapa Kariakoo na kila wiki nauza kwa Kiingereza. Wateja wangu Wazambia, Wamalawi, Wakongo wa Lubumbashi ambao nao Kiingereza chao ni cha kuungaunga kama changu.

Mwezi wa kwanza dukani nilikuwa najua maneno sita. How much, last price, original, size, tomorrow na my friend. Nikauza. Unajua kwa nini sikuona aibu? Mzambia anayetaka punguzo hana muda wa kukucheka. Na mimi nikikosea namba nimekula hasara, kwa hiyo namba nilizijua ndani ya siku tatu, shule walishindwa miaka minne.

Wape kitu cha kugombania, ticha. Nusu wauzaji, nusu wanunuzi, kila mtu na makaratasi yake ya hela, atakayebaki na faida anapewa soda. Na huyo binti wa vitumbua mfanye muuzaji mkuu, si ndiye anayeijua biashara humo ndani? Atawanyoosha.

Mwalimu wa Zamu amejibu:

Bosi mchezo wako nauchukua kesho asubuhi. Ila hapo kwa binti taratibu. Siku aliyotaja vitumbua ndiyo siku aliyochekwa. Ukimpa vitumbua tena mbele ya darasa bila kumuuliza, unaweza kumwanika mara ya pili, na mara hii na umaskini wa nyumbani juu yake. Muulize kwanza yeye anataka kuuza nini.

Ticha wa Charambe ameandika:

Wakuu nimerudi. Zimepita wiki mbili, samahani kwa ukimya, bando lilikata halafu na simu ikaanguka.

Nilianza na la Mama Mstaafu, nasema mama kwa sababu umenilea hapa. Nilimwita binti pembeni chini ya mwembe, nikamwambia alichosema kilikuwa sahihi kichwani kwake na mimi ndiye sikuelewa, na kucheka kulianza kwangu. Akaniambia, "Hamna shida madam." Mnaijua ile hamna shida. Ya mtu mwenye shida.

Kesho yake nikaja na mfuniko wa ndoo. Kabla sijaugeuza nikawaambia kisa changu, kwa Kiswahili, sikutaka waniache njiani. Mwaka jana niliomba kazi kwa familia moja ya wageni kule Masaki, kufundisha watoto wao Kiswahili. Mama wa watoto akaniambia kwenye simu nije kesho "at two". Nikafika saa mbili kasoro asubuhi, nimepiga pasi, nimeshatumia nauli za mabasi mawili. Mlinzi akaniambia mwenyewe ameenda kazini, anarudi mchana. Nikakaa kwenye jiwe nje ya geti mpaka saa nane. Ile tofauti ya sita mimi niliilipa kwa makalio.

Wakacheka, safari hii wakinicheka mimi, na nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Yule kijana wa dirishani ndiye aliyekuja kusogeza mshale wa kwanza. Nikamwambia aonyeshe anaamka saa ngapi. Akaweka, akasoma kwa sauti, "I wake up at one o'clock." Darasa zima likapiga kelele, "Ng'ambo! Ng'ambo!" Akatazama mkia wa mshale, akatazama kichwa chake, akasema "Aaah, seven." Nilimtazama binti kwa jicho la pembeni. Hakucheka, ila kiwiko kilikuwa kimetoka kwenye daftari.

Amri za mwili tumefanya kila asubuhi. Siku ya nne aliyetaka kiti cha mwamrishaji alikuwa mtoto mdogo kuliko wote, ambaye mimi nilidhani haelewi kitu. Amewazungusha wenzake mpaka nikamhurumia aliyepewa zamu ya kufungua na kufunga mlango. Maneno ya maswali yamo kwenye madaftari, wazazi wawili wamenipongeza kwa wino.

Halafu soko. Nilimfuata binti kabla ya kipindi nikamuuliza kama angependa kuwa muuzaji, na kama angependa, auze nini. Akafikiri. Akasema, "Nitauza, ila siuzi vitumbua." Nikamuuliza basi nini. "Magari."

Wenzake walikuja na bidhaa za kuchora, nyanya, khanga, betri za redio. Yeye alichora gari moja jeupe ukurasa mzima, na taa, na namba. Kijana wa dirishani akaja kununua, nadhani alitaka kumtania. Akamuuliza "How much?" Binti akasema "Forty million." Kijana akasema "Last price?" Binti akalitazama gari lake, akalifuta vumbi kwa kiganja kana kwamba lipo, akasema: "Last price, thirty-nine." Ile th imetoka kama thelathini, safi kabisa. Kijana akaanza kulalamika kwa Kiswahili, binti akamkatiza, "No money, no car."

Sijamsimamisha peke yake bado. Ila hajakaa chini tangu siku hiyo.

Kuhusu kibao: sikukataa kwa maneno. Mvua za vuli zimeanza, maji yanaingia kwa dirisha la nyuma, nikakigongomea pale usawa wa uvujaji, maandishi yakiangalia nje. Mwenye kituo alikitafuta siku mbili. Juzi amekiona. Amesimama akakitazama, akasema kinahitaji msumari mmoja zaidi upande wa kushoto.

Bosi wa Kongo amejibu:

Milioni arobaini anashusha moja tu? Huyo akimaliza fomu foo mwambie kuna duka Mtaa wa Kongo linamsubiri. Na vitumbua vya mama yake vinauzwaje, nikipita Rangi Tatu asubuhi?

Ticha wa Charambe ameandika:

Mia mia. Uwahi lakini. Nilipita leo saa moja na nusu nikakuta sinia tupu. Binti akaniambia "Half past seven, madam. Finished." Nikamuuliza hata kimoja cha mwalimu hamna? Akanijibu kwa Kiswahili, kesho niamke saa kumi.